Talaka ya nje ukiwa Arusha au Moshi: uende RITA, uombe tamko la mahakama, au ufungue shauri upya?

Anayerudi Moshi au Arusha na hukumu ya talaka ya Manchester, Hamburg au Nairobi huja na maswali mawili aliyoyafunga fundo moja. La kwanza: je, Tanzania inanihesabu nimeachika? La pili: yale niliyopewa kwenye hukumu, nusu ya nyumba ya Njiro, Arusha, matunzo ya mtoto, fedha za mgawanyo, nitayapataje hapa? Lifungue hilo fundo mapema. Swali la kwanza sheria yetu hulijibu kwa mkono wazi. La pili hulijibu kwa mkono wa birika. Ukiyachanganya, utamlipa wakili kupigania jambo ambalo halina hata ubishi, na utakapofika kwenye nyumba mfuko umeshakauka.

Ninayoyalinganisha hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mahakama zake za ndoa, kwa hiyo aliyefunga ndoa Unguja asijipimie kwa maelezo haya.

Pima hukumu kabla ya kuchagua mlango

Kipimo kiko kwenye kifungu cha 91 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 (Sura ya 29). Kwa maneno ya kawaida kinasema hivi: hukumu ya mahakama ya nje yenye mamlaka itatambuliwa Tanzania kwa madhumuni yote, ndoa iwe ilifungwa hapa au kwingine, ikiwa mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi ya mahakama hiyo, au alikuwa akiishi huko kwa kawaida kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Ipo njia nyingine, ya wanandoa ambao wote makazi yao ya kudumu yako nje ya Tanzania: talaka yao inapita kama mahakama ya nchi wanakohesabika kuwa wenyeji imeitolea tamko kwamba ni halali.

Angalia mambo mawili hapo. Anatosha mmoja, si lazima nyote wawili muwe mliishi huko. Na miaka miwili inahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku shauri lilipofunguliwa, haianzii siku ya hukumu. Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu nchi nyingi zinafungua mlango wa talaka mapema kuliko sisi tunavyokubali. Uingereza inampokea mwombaji aliyeishi huko mwaka mmoja. Jimbo la Nevada kule Marekani linaridhika na wiki sita. Sasa mchukue kijana wa Machame aliyekwenda Manchester kwa masomo, akafungua shauri la talaka baada ya miezi kumi na nne, mke akiwa Moshi muda wote, na wote wawili kwao ni Kilimanjaro. Kwa Waingereza hukumu yake ni safi kabisa. Kwa kifungu cha 91 haipiti. Lakini mume akiwa Mwingereza wa kuzaliwa na kukulia Leeds, aliyeoa Arusha kisha akarudi kwao akafungua shauri, inapita hata kama mke hajawahi kukanyaga Ulaya, maana makazi ya kudumu ya mmoja yanatosha.

Makazi ya kudumu ni pale unapohesabu ni kwenu, unapokusudia kubaki au kurudi. Kibali cha kazi cha Dubai hakikufanyi kuwa mtu wa Dubai. Lakini kama umefanya kazi huko miaka mitano mfululizo, unaingia kwa mlango wa ukaazi wa miaka miwili, na hoja ya kwenu ni wapi haikuhusu tena.

Halafu tazama kama hukumu yenyewe imekamilika. Talaka za Uingereza huja kwa hatua mbili. Za zamani zilianza na "decree nisi", zikaishia "decree absolute". Maombi yaliyofunguliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2022 yana amri ya masharti kwanza, kisha amri ya mwisho, na kati yake lazima zipite angalau wiki sita na siku moja. Ukileta karatasi ya hatua ya kwanza bado una ndoa, huko na hapa. Kenya nayo ina hatua mbili za namna hiyo. Ya Ujerumani unaitazama kama imegongwa mhuri unaothibitisha kwamba muda wa rufaa umekwisha na hukumu ina nguvu kamili. Bila mhuri huo, ofisa makini atakurudisha.

Jambo la mwisho kwenye kipimo ni haki. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (Sura ya 33) kinaorodhesha hukumu za nje ambazo mahakama zetu hazitazihesabu kuwa zimemaliza ubishi: iliyotolewa na mahakama isiyo na mamlaka, isiyogusa kiini cha shauri, iliyokiuka haki ya asili ya kusikilizwa, iliyopatikana kwa udanganyifu, na nyinginezo. Kwa hiyo kama wewe ndiye uliyebaki Moshi na mwenzako akaandika mahakamani huko kwamba hajui ulipo, ilhali kila mwezi anakutumia fedha kwa simu, hiyo ndiyo silaha yako. Tunza ujumbe wa miamala.

Kwa kifupi, mlango kwa mlango

| Unachotaka | Pa kuanzia | Kinachokwamisha |
|---|---|---|
| Kuoa au kuolewa tena. Ndoa ya kwanza ilifungwa Tanzania Bara | Maombi kwa Msajili Mkuu, RITA (wakala wa usajili wa ndoa na talaka) | Nakala isiyoonyesha kuwa hukumu ni ya mwisho |
| Kumaliza ubishi: mirathi, ndugu, mwenza anayekana talaka | Tamko la mahakama | Kumfikishia wito aliye nje |
| Talaka, wakati hukumu ya nje haifiki kifungu cha 91 | Shauri jipya la talaka hapa | Baraza la usuluhishi, masharti ya ukaazi |
| Nyumba, kiwanja, fedha | Mahakama ya hapa, talaka ikishatambuliwa | Amri ya nje haihamishi ardhi |
| Mtoto | Mahakama ya Watoto | Mahakama hutazama maslahi ya mtoto upya |

RITA au mahakama?

Kwa watu wengi uchaguzi wenyewe uko hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiyo inayotunza daftari la ndoa na la talaka. Ndoa iliyofungwa hapa ikivunjwa na mahakama ya nje, mmoja wa wahusika anaweza kumwomba Msajili Mkuu aisajili hukumu hiyo, na Msajili akiridhika kwamba ni ya kutambuliwa kwa sheria yetu, anaisajili. Huhitaji kumburuta mwenzako mahakamani wala kumweleza hakimu mlivyogombana. Ni kazi ya nyaraka: hukumu, cheti cha ndoa, vitambulisho, na ushahidi wa ukaazi au uenyeji wa huko. Maombi yanaweza kuanzia wilayani, lakini mwenye kuridhika au kutoridhika ni Msajili Mkuu, na makao makuu yako Dar es Salaam. Usimgombeze ofisa wa wilaya kwa kukwambia faili limepelekwa. Hana la kuamua.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba unategemea karatasi tupu. Msajili hana nafasi ya kumhoji shahidi wala kupima nani anasema kweli. Mwenza akiandika barua ya kupinga, au karatasi zikiacha shaka kuhusu ile miaka miwili, utaambiwa kwa adabu nenda mahakamani. Tena usajili ni kumbukumbu. Haumfungi mdomo mtu kama hukumu inavyomfunga.

Tamko la mahakama ni shauri kamili. Unaiomba mahakama itamke kwamba ndoa yako na fulani ilikwishavunjwa na hukumu ya tarehe fulani, na kwamba hukumu hiyo inatambuliwa Tanzania. Kwa kuwa huombi talaka, ile safari ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa haikuhusu. Lakini lazima umtaje mwenzako na apelekewe wito, na akiwa nje hapo ndipo kalenda inapoliwa: maombi ya kupeleka wito nje ya nchi, pengine tangazo gazetini, tarehe ya kutajwa, tarehe nyingine ya kutajwa. Njia ya kufupisha ipo. Mkiwa mnaelewana, mwombe aape kiapo huko aliko mbele ya mthibitishaji wa nyaraka kwamba amepata maombi na hapingi. Kiapo hicho cha kurasa mbili kina thamani kuliko hoja ndefu za wakili.

Maoni yangu: kama ndoa ilifungwa Arusha au Moshi, hukumu ni ya mwisho, haina doa, na hakuna anayebisha, anza RITA. Kwenda mahakamani kwa jambo lisilobishaniwa ni kununua ugomvi. Lakini kama kuna mali ya maana au mmoja wenu ni mgonjwa au mzee, usiridhike na usajili. Mirathi ndiyo sababu. Mtu akifariki, aliyeachika ughaibuni anaweza kutokea kwenye kikao cha ukoo na cheti chake cha ndoa cha kanisani, akadai yeye ndiye mjane, na mke wa pili akabaki anaeleza kifungu cha 91 kwa wajomba wasiotaka kusikia. Hukumu ya tamko iliyopatikana mhusika akiwa hai huwa inamaliza kikao hicho kabla hakijaanza.

Vipi kama ndoa yenyewe ilifungwa nje na talaka ni ya nje? Mmeoana Hamburg, mmeachana Hamburg, na hamkuwahi kuisajili ndoa hapa. Basi kwenye daftari la RITA hakuna cha kurekebisha. Siku unapotoa taarifa ya kusudio la ndoa mpya, ile ya siku 21, utajieleza kuwa umeachika na kuonyesha hukumu. Mfungishaji akiipokea, yamekwisha. Akisita, tamko la mahakama ndilo litakalomtoa wasiwasi. Usijaribu kuandika kwamba hujawahi kuoa ili kukwepa maswali. Ndoa ya mke mmoja ikiwa bado hai kisheria, ya pili ni batili, na uongo kwenye fomu ni kosa jingine kando.

Na ukiwa Mkatoliki, jua kwamba haya yote ni ya serikali. Paroko wa Moshi hataitazama hukumu ya Manchester, na usajili wa RITA hautambadilisha. Kanisa lina mahakama yake na maswali yake.

Kufungua shauri upya

Mlango wa tatu ni wa yule kijana wa Machame: hukumu ipo, lakini haipiti. Wengine huukimbilia hata pale inapopita, kwa kudhani kwamba talaka ya hapa ina uzito zaidi. Huo ni mtego. Kama hukumu ya nje inatambuliwa, huna ndoa ya kuvunjwa, na mwenzako anaweza kulikatisha shauri lako kwa hoja hiyo hiyo mkiwa mmeshatumia mwaka. Chagua wimbo mmoja. Huwezi kumwambia hakimu kwamba talaka ya nje ni batili, kisha kwenye ombi la fedha ukaitegemea.

Kufungua talaka hapa, ama uwe na makazi ya kudumu Tanzania, ama uwe umeishi nchini angalau mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua. Kwa mzawa aliyeko ughaibuni sharti la kwanza kwa kawaida halimsumbui. Mgeni aliyeoa hapa na anayeishi Usa River kwa kibali ndiye anayetazama kalenda.

Kisha kuna Baraza. Kifungu cha 101 kinataka ugomvi upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na Baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wanaoishi na wenza walioko ng'ambo mara nyingi wanahangaika hapa bila sababu, kwa kuwa kifungu hicho hicho kinatoa msamaha pale mjibu maombi anapoishi nje ya Tanzania na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita baada ya maombi. Andika msamaha huo wazi kwenye maombi, ueleze yuko wapi na tangu lini. Ukiuacha, shauri litatupwa kwa pingamizi la awali, na utarudi kuanza na kontroli namba nyingine.

Faida ya mlango huu, pamoja na uzito wake, ni kwamba talaka, mali, matunzo na mtoto vinaamuliwa pamoja na mahakama yenye nguvu juu ya kile kilichopo hapa. Kwa mtu ambaye hukumu yake ya nje ina shaka na mali yote iko Kilimanjaro, naona ni bora aanze upya kuliko kushona kiraka.

Fedha, nyumba na kihamba

Tuje sasa kwenye mkono wa birika. Kutambuliwa kwa talaka hakukupi funguo za nyumba. Hakimu wa Birmingham anaweza kuandika kwamba nyumba ya Njiro ni ya mke, lakini ofisi ya ardhi Arusha haitabadilisha jina kwenye hati kwa karatasi hiyo. Masuala ya ardhi yanaamuliwa na mahakama za mahali ardhi ilipo. Alichoweza kufanya hakimu yule ni kumwamuru mume kama mtu, kwa vitisho vya huko. Mume akisharudi Arusha, vitisho hivyo vimebaki uwanja wa ndege.

Kwa fedha taslimu kuna sheria ya kukazia hukumu za nje kwa misingi ya nchi kutendeana sawa, Sura ya 8. Hukumu ya fedha inasajiliwa Mahakama Kuu ndani ya miaka sita, kisha inakaziwa kama ya hapa. Inavutia ukiisikia. Lakini inahusu nchi zilizotajwa tu: Uingereza imo, Ujerumani na Marekani hazimo. Tena iliandikwa kwa ajili ya madeni na madai ya fedha, na jambo la kwanza atakalosema wakili wa upande wa pili ni kwamba mashauri ya ndoa hayamo. Matunzo ya kila mwezi, ambayo mahakama iliyoyatoa inaweza kuyabadilisha wakati wowote, ni magumu zaidi kuyaita hukumu ya mwisho. Singejenga matumaini yangu hapo, labda kwa kiasi kimoja kikubwa cha fedha kilichokwisha kupangwa na kisichogusa ardhi.

Njia yenye mguu imara ni kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, au kuamuru iuzwe na fedha zigawanywe, wakati wa kutoa talaka au baada ya kutolewa. Hayo maneno "au baada" ndiyo mwanya wako: talaka ikishatambuliwa, unaomba mgawanyo wa mali ya hapa kwa sheria ya hapa, na hukumu ya nje unaitumia kama ushahidi wa nani alichangia nini. Na mchango si mshahara tu. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani na kulea watoto zinahesabiwa.

Sehemu hii ina mambo mawili ambayo hukumu za nje hazijui kabisa.

Moja ni uraia. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji chini ya utaratibu wake. Kwa hiyo mke Mjerumani aliyepewa nyumba ya Moshi na mahakama ya kwao asiombe jina libadilishwe. Aombe iuzwe apate fungu lake. Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine asijisahau hapa, kwa kuwa hatuna uraia pacha kwa watu wazima na yeye naye anahesabiwa asiye raia, isipokuwa kama amepewa hadhi maalum ya diaspora inayomruhusu kumiliki ardhi.

La pili ni kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Mahakama ya Hamburg huona ekari moja yenye migomba, kahawa na nyumba ya kisasa, na kuita mali ya mume. Mchaga anajua pale pana makaburi ya babu zake na kwamba mdogo wake naye ana neno. Kihamba cha kurithi si mali iliyochumwa pamoja. Lakini kifungu cha 114 kinagusa pia mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeboreshwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja, na ile nyumba ya vyumba vitano iliyojengwa kwa fedha za wote wawili inaingia kwenye mjadala. Ninavyoona, anayedai apiganie thamani ya nyumba kwa fedha na aiache ardhi. Akidai ardhi yenyewe atagombana na ukoo mzima badala ya mtu mmoja.

Kwa watoto nitakuwa mfupi. Amri ya nje ya malezi ni ushahidi mzuri, si amri ya kukazia. Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, itatazama upya maslahi ya mtoto, na taarifa ya afisa ustawi wa jamii itakuwa na uzito. Aliye chini ya miaka saba hudhaniwa ni vyema akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Kwa matunzo, kuomba amri mpya hapa mara nyingi ni kwepesi kuliko kukimbizana na ile ya euro.

Mahakama ipi, Arusha au Moshi

Sheria ya Ndoa inazipa Mahakama Kuu, ya Hakimu Mkazi, ya Wilaya na ya Mwanzo mamlaka sawia katika mashauri ya ndoa. Kwenye karatasi unaweza kwenda yoyote. Kwa hukumu ya nje, mimi ningeiacha Mahakama ya Mwanzo kabisa, hata kama iko karibu na gharama yake ni ndogo. Haitumii Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo ndiyo yenye kile kifungu cha 11 na cha 12 kinachokupa dhana kwamba nakala iliyothibitishwa imetoka mahakama yenye mamlaka. Hakimu Mkazi anatosha kwa mengi. Mahakama Kuu, yenye kanda Arusha na kanda Moshi, ni ya pale mali ni kubwa, au unaposajili kwa Sura ya 8. Uamuzi wa Hakimu Mkazi hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Kati ya miji hii miwili, fuata mali na mjibu maombi. Nyumba iko Njiro, fungua Arusha, hata kama unalala Moshi. Na kwa wanaouliza, kwa kuwa jengo liko Arusha: Mahakama ya Afrika Mashariki haishughuliki na talaka ya mtu, hata ya Nairobi. Hukumu ya Kenya inapimwa kwa kifungu kile kile cha 91.

Waislamu walioachana nje kwa talaka isiyo ya mahakama wana kifungu chao, cha 92. Talaka inatambuliwa kama ilikuwa halali kwa sheria ya nchi ya makazi ya kudumu ya kila mmoja, au imetolewa tamko na mahakama ya huko. Kama makazi ya mmoja wenu ni Tanzania, sharti la kwanza ni gumu, kwa sababu hapa talaka ya ndoa ya Kiislamu nayo hupita Barazani na mahakamani. Msikae na barua ya shehe peke yake.

Makaratasi

Nakala iliyothibitishwa na mahakama iliyotoa hukumu, si fotokopi. Usiamini kwamba muhuri wa apostille, ule wa kimataifa wa kuthibitisha nyaraka, peke yake utatosha; ipitishe kwenye wizara ya mambo ya nje ya huko na ubalozi wa Tanzania ukiwa bado huko, maana kuagiza kutoka Moshi ni mateso. Kama hukumu ni ya Kijerumani au Kiswidi, tafsiri ithibitishwe. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo maombi yako mwenyewe huna haja ya kuyapamba kwa Kiingereza. Asiyeweza wakili, Moshi kuna KWIECO wanaosaidia wanawake kwa ushauri wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani.

Limebaki suala la nini kitangulie, na hili ni la anayeishi kwenye nyumba isiyo na jina lake kwenye hati. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na kinakuruhusu kuweka zuio kwenye hati. Lakini kinga hiyo ni ya wakati ndoa ingali hai. Siku hukumu ya nje inapotambuliwa, mwenye hati atasema huna tena ridhaa ya kutoa. Kwa hiyo usitangulie RITA kwa furaha ya kumaliza mambo. Fungua kwanza mahakamani maombi ya mgawanyo, humo humo ukiomba talaka itambuliwe, pamoja na ya zuio la muda, amri ya zuio ifike ofisi ya ardhi, ndipo usajili wa talaka ufuate.